Mtoto Aliyeitikiwa

Umuhoza alikufa mwezi wa tatu, siku ya Jumanne, kabla jua halijatoka, na mpaka mwezi wa kumi na moja alikuwa bado anapokea posho. Hiyo si kejeli. Kwenye listi ya bloku ya nane, kwenye kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya, chini ya volkano ya Nyiragongo, jina lake lilikaa chini ya jina la mama yake, na kila siku ya kugawa unga aliitwa, na kila alipoitwa aliitika.

Mama yake aliitwa Perpétue, lakini kambini hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa Mama Umuhoza, kama kila mwanamke anavyobeba jina la mtoto wake wa kwanza. Walikimbia kutoka Rugari, kwenye njia ya Rutshuru, wakati risasi zilipofika mpaka mashambani. Alimfunga mtoto mgongoni ingawa alikuwa na miaka sita na miguu yake ilikaribia kugusa chini, akachukua sufuria moja na mkeka mmoja, akaacha maharage yamekauka tayari kuvunwa. Mpaka leo maharage hayo yanamwuma.

Mume wake, Florent, alikuwa amefariki miaka miwili kabla ya vita, kwa ugonjwa wa tumbo, na ashukuriwe Mungu alifia nyumbani kwake. Watu wa mlima mzima walikuja. Waliazima mabenchi ya shule, wakapika mtama, wakakoka moto uwanjani, na kwa siku nane Perpétue hakulala peke yake hata usiku mmoja, wanawake wamejaa chumbani wamelala kwenye mikeka kulia na kushoto kwake. Akilia, wanalia naye. Akinyamaza, mmoja anaanza kumsimulia Florent alivyokuwa mkaidi siku za ujana, mpaka anacheka bila kutaka. Siku ya nane wakaondoa kilio, akaoga, akanywa, akarudi shambani. Basi alidhani kifo ndivyo kilivyo: mtu anakufa, watu wanakuja.

Umuhoza aliuawa na kolera, kuhara na kutapika, kwa siku mbili. Perpétue alipoona mtoto ameacha kupumua, alitoka nje ya hema ili apige ukelele, kama mama yeyote angefanya, na mkono ukamziba mdomo. Ulikuwa mkono wa Muzee Sebahire, shefu wa bloku, mtu wa miaka sitini na kitu, kofia yake ya majani haimtoki kichwani. Hakumziba kwa ubaya. Machozi yalikuwa yanamtiririka yeye pia. Alimweleza kwa sauti ya chini kwamba akilia watu wa shirika linalogawa posho watasikia, wakisikia watafuta jina, na jetoni, ile kadi ya posho, ikiwa na mtu mmoja haiwi jetoni tena: watamnyang'anya na kumbandika kwenye familia ya watu wengine, akale makombo yao.

"Lilia ndani ya kitenge, binti yangu," alisema.

Akalilia ndani ya kitenge. Alikitia mdomoni mpaka karibu akitapike. Sebahire na mwanamume mwingine wakambeba mtoto nyuma ya kambi, kwenye mawe meusi ya volkano ambako jembe haliingii. Kule mtu hachimbi kaburi, anapangua mawe, anamweka aliyemleta, anayarudisha mawe. Hawakusimika msalaba, kwa sababu msalaba unataka jina. Hakukuwa na mkeka, wala moto, wala benchi la kuazima. Saa mbili asubuhi Perpétue alikuwa kwenye mstari wa maji na bidoni yake, watu wanamsalimia "Mama Umuhoza, mumeamka?" na yeye anajibu kwamba wameamka salama.

Hakuwa peke yake, na ni lazima hili lieleweke. Katika bloku ya nane karibu kila hema la pili lilikuwa na mtu wa namna hiyo, aliyekufa na bado anaitika. Hakuna aliyeuita wizi. Posho yenyewe ilikuja nusu, mwezi mmoja inakuja na mwingine haiji, na watu wenye kupenda kuhukumu wangekaa kwanza kwenye hema la bashi, turubai ya plastiki, na mvua ya Nyiragongo ikiwapiga mgongoni, ndipo waseme. Siku ya kuhesabu watu, wanawake waliazimana watoto kama wanavyoazimana sufuria. Mtoto anasimama na mama yake, anahesabiwa, anazunguka nyuma ya mahema, anatokea kwenye familia ya pili akiwa na jina lingine. Watoto wenyewe waliona ni mchezo.

Perpétue aliazima Mahoro, binti wa jirani yake Deborah. Mahoro alikuwa wa umri mmoja na Umuhoza, meno mawili ya mbele hayapo, na walikuwa wamecheza pamoja tangu siku ya kwanza kambini. Deborah naye alikuwa na wa kwake kwenye listi, mume wake Nizeyimana, aliyepigwa risasi mwezi wa kwanza aliporudi kuangalia mihogo. Akiulizwa, Deborah alisema mume amekwenda kutafuta kazi. Wanawake hao wawili walipika kwenye mafiga yaleyale matatu kati ya mahema yao, zamu kwa zamu, na hakuna hata siku moja walipowataja waliokufa.

Mara ya kwanza Mahoro alipoitika kwa jina la Umuhoza, Perpétue aligeuka kumtafuta binti yake. Mara ya pili alikuwa anaingojea. Ilipofika mara ya nne, alikuwa anamsuka Mahoro nywele siku moja kabla, anamvika gauni la njano la marehemu, anamfundisha kusimama wima na kunyoosha kidole ili aonekane. Mtu wa shirika anaita, "Umuhoza!" na sauti ya mtoto inajibu, "Niko!" Siku hiyo Perpétue alikuwa na furaha. Alikuwa na furaha ya kweli, mpaka chakula kilimpita vizuri kooni, na jambo hilo ndilo lililomtisha kuliko njaa. Hakumwambia mtu.

Sasa tuje kwenye kanisa. Lilikuwa kanisa la bashi na miti, ngoma mbili, kinanda hakuna, na mchungaji wake alikuwa Nsengimana, mkimbizi kama wao, mwenye sauti ya kumwamsha mlevi. Kwenye mvua za mwezi wa tisa uamsho ulishika kambi. Watu waliokuwa hawamjui Mungu ila wakiapa wakaanza kufunga siku tatu, ingawa kufunga pale hakukuhitaji juhudi kubwa. Mchungaji akatangaza ubatizo wa maji mengi, chini ziwani, na akaweka sharti: kila atakayeingia majini asimame kwanza mbele ya kanisa atue mizigo yake. Alihubiri juu ya kweli kwa wiki nne. Alisema uongo mdogo unamwozesha mtu kama jino, na hakuna wa kuuona ila Mungu, na Mungu amekwisha kuuona.

Watu wakatua mizigo. Mzee mmoja alitubu kuku aliowaiba alipokuwa kijana, na wenye kuku wote walikuwa wamekwisha kufa. Samy, dereva wa pikipiki ya motaki, alitubu kasiksi, pombe ya ndizi, kwa mara ya tatu, na kanisa likacheka kwa sababu lilijua ya nne iko njiani. Mama mmoja alisema anamchukia mke wa mwanawe, na huyo mke alikuwa palepale kwenye kwaya, akapoteza wimbo. Ilikuwa mizigo ya kubebeka. Kila mmoja alipomaliza ngoma ililia na watu wakasema amina.

Zamu ya Perpétue ilipofika, hakuwa amepanga kusema alilosema. Alikuwa ameandaa habari ya wivu. Alisimama, akaona Mahoro amekaa mstari wa mbele na nywele zake alizozisuka yeye, na ile habari ya wivu ikapotea.

"Muzigo yangu ni moja," alisema. "Umuhoza alikufaka, mwezi wa tatu. Nilimuzikaka bila kulia. Nataka kulia mutoto wangu."

Ngoma haikulia. Hakuna aliyesema amina. Watu wakatazama kila mmoja pake, huyu miguu yake, huyu bashi juu, na katika ukimya ule kila mtu alikuwa anamwona wa kwake, amelala wapi, na mawe mangapi juu yake. Mchungaji Nsengimana alipangusa uso kwa leso na kuanzisha wimbo wa haraka, akakosea ubeti. Mama yake mwenyewe, mwenye miaka themanini, alikuwa amefariki mwezi wa saba, na bado alikuwa anapokea maharage.

Bashi haina siri. Kabla ya Jumatano habari zilikuwa zimefika ofisini kwa shirika, huko mjini, mtaa wa Himbi, au pengine hazikufika na ofisi ilikuwa na mpango wake tangu zamani. Nani atajua? Lililojulikana ni kwamba Alhamisi tangazo lilibandikwa: Ijumaa ya wiki ijayo, bloku yote ya nane itahesabiwa upya, mtu kwa mtu. Na kambi nzima ikajua ni kosa la nani.

Kwenye mstari wa maji watu wakaanza kusogeleana akija, nafasi yake ikazibika. Jina la Mama Umuhoza likaachwa, akawa yule mama. Kwenye orodha ya ubatizo mchungaji akaandika kwamba angoje. Lakini lililomwuma hasa ni Deborah. Asubuhi moja Perpétue alitoka na sufuria yake akakuta mafiga hayapo. Deborah alikuwa ameyabeba yote matatu, bado yana masizi na joto, akayapanga upande wa pili wa hema lake, mgongo ameugeuza.

Siku mbili kabla ya kuhesabiwa, mchungaji na Muzee Sebahire walikuja pamoja. Waliingia hemani wameinama, wakakaa, na kwa muda mrefu walizungumzia mvua. Kisha mchungaji akaeleza kwamba Mungu amesikia toba yake na imekwisha kule juu, haina haja ya kufika Himbi. Alisema kuna watoto wachanga bloku hii. Alihesabu familia kwa vidole, akaishiwa vidole. Sebahire alikuwa anazungusha kofia mikononi na hakutaka kumtazama. Mambo yote yalikuwa yamepangwa, alisema, Deborah amekubali kwa shida, Mahoro atasimama nyuma ya Perpétue kama siku zote.

"Hatukuombe useme uongo," mchungaji alisema. "Nyamaza tu. Mutoto ataitika."

Perpétue aliwatazama. Hakuwa na hasira nao, na hilo lilimshangaza. Walikuwa wanaume wawili waliochoka, na alichosema mchungaji juu ya watoto wachanga kilikuwa kweli tupu. Angalau wangemgombeza, angejua pa kushika.

"Pasta," alisema, "ni ninyi mulinifundisha kusema kweli. Lakini sawa, tuache ile. Mimi nauliza moja. Nikitandika mukeka ya kilio, mutakuja?"

Mchungaji alikohoa. Sebahire ndiye aliyejibu, kwamba baadaye labda, mambo yakitulia, kwa sababu mtu hawezi kukaa kwenye kilio cha mtoto ambaye keshokutwa anahesabiwa hai. Alisema hivyo polepole, akayasikia maneno yake mwenyewe, akavaa kofia yake na kutoka.

Ijumaa mvua haikunyesha. Watu wa shirika walikuja na meza mbili, na aliyeongoza alikuwa msichana aitwaye Gisèle, mwenye kizibao cha bluu na simu kubwa ya kuandikia, sauti imemkauka kwa kuita majina tangu asubuhi katika bloku ya saba. Alikuwa na adabu. Kila mtu alimwita mama au papa, hata vijana. Perpétue alisimama kwenye mstari na Mahoro nyuma yake katika gauni la njano. Hakuwa amekubali wala hakuwa amekataa. Aliamka, mtoto akaletwa mlangoni na Sebahire, na yeye akamfunga vifungo, mikono ikifanya yenyewe.

Ni hapo karibu na meza ndipo alipoiona chupa. Ilikuwa chupa ndogo ya wino wa zambarau, kama ule wa uchaguzi, na kila aliyehesabiwa alichovya kidole. Hakuna aliyekuwa ameambiwa habari ya wino. Mstari mzima ulikuwa unanong'ona kurudi nyuma, na huko nyuma, mbali, Deborah alikuwa amepanda juu ya jiwe ili aone. Mtoto mwenye kidole cha zambarau hawezi kuhesabiwa tena. Familia ya Perpétue ilitangulia ile ya Deborah kwenye listi.

"Umuhoza!" Gisèle aliita.

"Niko!" Mahoro alijibu, akatoka mbele, wima, kidole kimenyooka, kama alivyofundishwa.

Na Perpétue akanyamaza. Lazima isemwe: alinyamaza. Kwa pumzi moja nzima alisimama pale na ile sauti masikioni, tamu kama siku zote, na akataka wino uingie na jambo liishe na mtoto wake aendelee kuishi kwenye simu ile mpaka vita iishe na wote warudi Rugari. Gisèle alishika kile kidole kidogo. Alikivuta kuelekea chupani. Huko nyuma Deborah aliziba mdomo kwa mikono miwili, hawezi kupiga kelele, kwa sababu akipiga kelele atakuwa amesema yote.

Perpétue akaushika mkono wa mtoto.

"Huyu ni Mahoro," alisema. "Ni mutoto wa Mama Deborah, hema ile pale. Mumuandike kwa mama yake. Umuhoza ni wangu, na alikufa."

Gisèle alimtazama, akatazama simu, akamtazama mtoto. Aliuliza kifo kilikuwa lini. Perpétue akamwambia. Aliuliza kwa nini hawakutoa habari.

"Tungekula nini?" Perpétue aliuliza.

Msichana aliinamisha kichwa. Akaanza kugusa kioo. Perpétue akasogea karibu na kumwomba asilifute jina, aandike kwamba Umuhoza alikufa, na tarehe, kwa sababu hakuna popote palipoandikwa. Gisèle alitafuta. Alipandisha na kushusha, akatafuta kweli, watu wakingoja.

"Hapa hakuna fasi ya kuandika alikufa, mama," alisema mwishowe. "Kuko kuondoa tu."

Akaondoa. Haikuchukua hata muda wa kumeza mate. Baada ya hapo, kwa kuwa hakuwa mjinga, alirudi mwanzo wa listi na kuanza kuuliza kila hema juu ya kila asiyekuwepo, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kusema uongo mbele ya uso wa yule mama aliyesimama kando. Majina sitini na moja yaliondoka bloku ya nane siku ile. Mama wa mchungaji aliondoka. Nizeyimana aliondoka. Mahoro alichovya kidole kwa jina lake mwenyewe, na Deborah akabaki na mtoto aliyekuwa karibu kumpoteza na bila mume aliyekuwa amemtunza kwenye karatasi miezi kumi. Jetoni ya Perpétue ilichukuliwa. Aliambiwa angoje apewe familia.

Upungufu wa posho iliyofuata ulionekana wazi kwenye sufuria. Deborah alipika uji asubuhi na akauongeza maji jioni. Watu walisema mengi, na mengine yalikuwa na haki. Walisema wokovu ni wa walioshiba. Walisema kama ni kutubu angetubia mahali pake, bila kuwavua nguo wenzake. Samy alisema yeye angalau kasiksi yake haikumnyima mtu unga. Jumapili nusu ya kanisa haikuja, na mchungaji Nsengimana alihubiri juu ya subira, sauti ikiwa chini hata wa nyuma hawakusikia. Perpétue alikuwa amekaa nyuma. Aliwaza kwamba kama Mungu alitaka ukweli, basi alijua bei yake tangu mwanzo, na hakumwambia. Alikuwa na kinyongo naye, na akamwambia hivyo, na bado hakuondoka kanisani mpaka wimbo wa mwisho.

Jumatatu akatandika mkeka. Ulikuwa uleule aliotoka nao Rugari, mmoja wa ile iliyolaliwa na wanawake wa mlimani kwenye kilio cha Florent. Aliutandika mbele ya hema, akakoka moto wa vijiti viwili, akajifunga kitenge kiunoni kama wafiwa wanavyojifunga, akakaa upande mmoja ili wageni wapate nafasi. Watu walipita na bidoni zao. Wengine walizunguka nyuma ya mahema ili wasipite pale.

Jumanne Muzee Sebahire alipita, akashika kofia, akaenda zake. Jumatano mchungaji alisimama njiani. Perpétue alisogea kidogo zaidi ili kumwonyesha mahali, na mchungaji alipatazama mahali pale, pamekaa wazi na mikunjo ya mkeka, akasema atamkumbuka kwenye maombi. Alhamisi mvua ilinyesha mpaka mchana. Perpétue aliuingiza mkeka, na mvua ilipokatika akautoa tena, mbichi ukingoni, akakaa. Kulia hakuweza. Alikuwa amejaribu tangu Jumatatu na machozi yalikataa, kwa kuwa yamezoea kulala ndani ya kitenge. Alianza kuogopa kwamba hatamlilia mtoto tena maisha yake yote.

Saa tisa kivuli kilimwangukia. Alikuwa Deborah. Hakuleta kuni, hakuleta chakula, hakusalimia. Alikuwa amekonda usoni kwa wiki moja.

"Sikuje kwa ajili yako," Deborah alisema. "Bado nakukasirikia, na nitakukasirikia sana. Lakini Nizeyimana ana miezi kumi chini ya mihogo, na mimi sijamulia. Kwangu hakuna mukeka."

Perpétue akasogea, ingawa nafasi ilikuwepo tele. Deborah alikaa kwa uzito, akanyoosha miguu kama wanawake wanavyokaa kwenye kilio. Kisha Deborah akamwita mume wake. Alimwita kwa jina, kwa sauti ya kusikika mpaka bloku ya saba, akamwuliza ni mihogo gani ile iliyomshinda kuiacha, akamwuliza nani atamfungia bashi upepo ukija. Hakujizuia. Watu wakatoka mlangoni mwa mahema yao, wakasimama.

Kilio kikamjia Perpétue. Akatafuta kitenge, mkono wenyewe ukikitafuta, na Deborah, akiendelea kulia, akaukamata ule mkono na kuushusha chini.

"Hapana, Mama Umuhoza," alisema. "Lia."

"Umuhoza!" Perpétue aliita. "Umuhoza wangu!"

"Niko!"

Mahoro alikuwa anacheza mawe kati ya mahema. Alikuja mbio, akasimama mbele ya mkeka, wima, akanyoosha kidole. Wino ulikuwa bado haujatoka.

Deborah alitaka kumfukuza, Perpétue akamzuia. Akakichukua kile kidole akakishika kwenye kiganja chake, na machozi sasa yalikuwa yanashuka hadi shingoni bila kupanguswa.

"Leo usiitike, mutoto wangu," alisema. "Nikimwita, wewe unyamaze tu."

"Sasa nani ataitika?" Mahoro aliuliza.

Perpétue alimvuta akamkalisha kati yao. Muzee Sebahire alikuwa amevuka njia. Alikuja na ukuni mmoja, akautia motoni, akageuza bidoni tupu akaketi juu yake, akavua kofia yake ya majani na kuiweka chini. Mkono uliomziba mdomo mama huyu mwezi wa tatu aliuweka wazi gotini. Perpétue akainua uso kuelekea kule nyuma ya kambi, kwenye mawe meusi, akamwita tena mtoto wake kwa sauti yote aliyokuwa nayo, na safari hii hakuna aliyeitika.